Udongo wa Ndani ya Kompyuta

Hamisi, salaam aleikum kutoka kwa kaka yako anayekushinda sura.

Huku Rapsu mimi ndiye dereva wa mashine ya kupanda miche. Haya, ni uongo, nimeikalia tu ikiwa imezimwa. Mtaalamu wa mashine hiyo ana kompyuta inayoichora iking'oa mche wa nyanya kitaluni ili ikaupande shambani, na udongo unabaki umeshika mizizi vizuri.

Nikauliza, "Huo udongo haukauki?"

"Hapana mzee, nimeuandikia uwe na maji kila siku."

"Basi nihamishie ng'ombe zangu humo."

Akacheka, mpaka tulipojaribu mche wa kweli, udongo wake mkavu ukapukutika wote. Mwisho wa mwezi anakuja huko kwetu Kiwanjani kujaribu miche yangu, nami nimejigamba haitapukutika. Nilikunyweshea mbuzi ulipokwenda Garbatulla, kwa hivyo nawe ninyweshee miche yangu kila jioni. Usinidanganye, udongo utakusema.