Jirani Ndani ya Kompyuta Yangu

Shoga, hasira niliyo nayo!

Unaikumbuka ile mazabodi ya seva iliyotumika, yaani ubao mkuu wa zile kompyuta kubwa za kampuni, niliyouziwa na jirani wa juu, yule fundi anayetugawia intaneti jengo zima? Leo nimemaliza kuunda kompyuta yangu. Ikawaka. Nikachekelea kama mjinga.

Sijakaa sawa, simu inaita. Ni yeye.

"Feni uliyofunga ni ndogo. Mazabodi inachemka."

Nikamuuliza, umejuaje? Niko chumbani kwangu, mlango nimefunga kwa ufunguo.

Akanijibu ati mazabodi za seva zina kifaa cha kuziendesha ukiwa mbali, na yeye alisahau kujitoa humo aliponiuzia. Alisahau. Fundi mzima.

Nikachomoa waya wa intaneti kimyakimya. Sijafungua mdomo, shoga.

"Mbona umechomoa waya? Imenipotea hapa. Nakusaidia tu, dada yangu."

Dada yangu. Nani dada yake?

Nikamuuliza, na ninachoandika kwenye skrini ulikuwa unakiona?

Akasema, "Si sana."

Si sana.

Nimeing'oa hiyo mazabodi yake. Hapa napanda nayo ngazi. Ukisikia kishindo huko uliko, ujue mzigo umerudi kwa mwenyewe.