Uwanja Wetu wa Mbio Umekuwa Malisho

Mwamapalala,
S.L.P. 43,
Bariadi.
10 Agosti 2025

Mpendwa kaka Keneth,

Mwangaluka! Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Tunduma, wewe na wifi Gloria na watoto. Kifua cha Lucy kimepona? Hiyo baridi yenu mnaisifu nyinyi tu. Sisi huku miili ni mizima, mhola duhu, salama tu, lakini moyo wangu hauna raha na sitajifanya kwamba unayo.

Najua ungependa nipige simu. Nilipiga mara mbili, nikakusikia unavyofurahia safari yako ya kuja, nikaishia kuuliza habari za mvua. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza.

Kaka, mbio za Septemba hazipo. Uwanja umekwenda. Waambie hao waendeshaji wenzako wa Mbeya wasifunge pikipiki kwenye gari.

Unajua ulivyoanza kuliko mimi, ila niache nisimulie, maana sina kingine. Mwaka ule wa mvua za El Nino, barabara zilipoharibika zote, baba alikuwa amefufua pikipiki iliyokufa akatafuta pa kuijaribia. Akaizungusha kwenye eneo la babu. Jirani yetu Constantine akasema ya kwake ina mbio zaidi, na ubishi ule ndio uliozaa kila kitu. Mwaka uliofuata wakaja watu wa Shishiyu. Wale wa Malampaka walileta pikipiki zao juu ya lori la pamba, wakijidai hasa. Baada ya kila mbio baba alifunga ng'ombe wawili, wakaburuta gogo la mgunga mzunguko mzima mpaka mashimo yakafukika.

Wewe ulishinda pale mara tatu. Mara ya nne ulianguka kwenye kona ya mchanga mbele ya wifi, kabla hajawa wifi, ukaamka unacheka na mdomo umejaa vumbi. Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa, wageni wenye suti walikuja na kombe, wakatuahidi jukwaa. Tulisubiri, tukachoka, tukajijengea wenyewe mabenchi ya saruji.

Miaka yote hiyo baba aliuita uwanja ule "ngitili ya pikipiki". Ulikuwa utani wake. Aliuzungushia miiba kama tunavyohifadhi ngitili, yale malisho ya kiangazi, mtu asipite wala mfugo usiguse mpaka siku yake ifike.

Utani huo ndio uliotumaliza. Mwaka 2021 walikuja wapimaji wa mpango wa matumizi ya ardhi. Mmoja akamwuliza baba, "Mzee, hapa ni nini?" Baba akajibu, "Hapa? Hapa ni ngitili." Mpimaji akaandika malisho ya kijiji, akamletea fomu, baba akatia sahihi bila kuvaa miwani. Na mimi, mwalimu mzima ninayesahihisha madaftari ya watoto kila siku, nilikuwa nimesimama pale pale. Nilicheka, kaka. Nilidhani kila mtu ameuelewa utani.

Mwaka huu mvua zilikatika mapema na majani yameisha. Kwenye mkutano wa kijiji wa Julai ramani ikatolewa. Nilisimama nikaeleza kosa lilivyotokea. Salu, yule mwenye ng'ombe wengi, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, ng'ombe wangu hawali mbio." Mikono ikanyooshwa, na mingi ilikuwa ya watu waliokuwa wakikushangilia. Siwezi hata kuwachukia. Mifugo yao unaihesabu mbavu.

Nilidhani baba atapigana. Jumatatu iliyofuata asubuhi alitoka mwenyewe, akaondoa miiba, akawatanguliza ng'ombe wetu kabla ya ng'ombe wa mtu yeyote. Nilimkimbilia nikamshika mkono, nikamwomba tukate rufaa wilayani. Akasema, "Nilitamka mwenyewe ngitili, nikaandika jina langu. Nikilikana neno langu leo, nani atanisikiliza tena hapa?"

Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Hataki mtu ataje pikipiki mbele yake. Kona ya mchanga imekuwa vumbi na samadi, na watu wameanza kung'oa mabenchi. Mimi naenda shuleni kwa njia ya kuzunguka ili nisipaone. Nina hasira na wapimaji, na Salu, na mvua, lakini kila nikilala najua aliyecheka ni nani.

Sikuombi uje kurekebisha. Nimeuliza kila ofisi na hakuna wa kubadilisha kitu. Naomba unisamehe, na Septemba uje hivyo hivyo, uje ukae na baba.

Shangazi Philomena anakusalimu, na Constantine pia. Msalimie wifi na uwabusu watoto. Mungu awalinde njiani na nyumbani.

Baba naye anakusalimu. Aliponiona nimeshika kalamu alisema nikuandikie kwamba uwanja tumeupumzisha tu mwaka huu. Nimejaribu kuandika hivyo, nimeshindwa.

Mdogo wako anayekupenda,
Jenipha