Nakuja Kupanda Liki za Mama

Blackpool, Jumatatu

Dada Maureen,

Mwenzio nimeangukiwa na bahati: sasa mimi ni meneja wa hoteli nzima, nyama nakula mpaka naikinai!

Juzi kwenye simu nilisema, "Siji kwa sababu Mama anaumwa." Ukanifokea, "Mwoga we, unamkimbia mgonjwa!" ukakata. Nilimaanisha nakuja, ila si kwa ajili ya ugonjwa. Nakuja kumpandia zile liki zake, vile vitunguu virefu vya kushindania kwenye klabu ya bustani, zisichelewe. Unamjua Mama: akisikia nakuja kumuuguza, atanitimua kwa ufagio.

Jumamosi nitagonga. Ukinifungia mlango, nitaruka ua wa bustani.

Hoteli ni uongo, dada. Naosha vyombo, na nakuja kwa sababu Mama anaumwa.

Nduguyo mpenda sifa,
Norman