Funguo Mbili za Akiba

Leeuwarden, 4 Novemba 1996

Mke wangu Froukje,

Nimekukosea. Ningetanguliza salamu, lakini hili halingoji. Mguu wako vipi? Dada Hiske hajambo? Mimi mzima, ila nyumba imepoa.

Siku ile mezani sikupaswa kukwambia, "Si ukaongee na birika lako, maana ndilo linalokusikiliza!" Ukachukua koti, ukaenda kwa dada yako. Lakini na wewe! Kila Alhamisi unavaa hereni nilizokununulia mimi, unakuja chuoni, kwenye jengo hilo hilo ninalolitunza, unanipita kwenda kumsimulia Dokta Jelmer na kinasa sauti chake mambo ya ndoa yetu. Utafiti gani huo wa kuvalia hereni? Rudi basi.

Mumeo,
Wiebe

Sneek, 9 Novemba

Wiebe,

Hatujambo. Mguu unauma baridi ikizidi.

Maneno ya birika nimeyasema mara moja tu maishani, kwenye kanda aliyonirekodi Jelmer kwa utafiti wake. Aliniahidi jina langu halitajulikana, mimi ni namba kumi na saba, basi. Sasa wewe umeyapata wapi? Ni yeye aliyekupa, mkinywa kahawa na kunicheka. Nimemshtaki kwa kamati ya maadili ya chuo. Wamemsimamisha kazi, na Ijumaa tarehe 15 wanaamua kama atafukuzwa. Wivu wako naujua miaka ishirini na mbili. Yeye nilimwamini.

Mkeo,
Froukje

Leeuwarden, 12 Novemba

Mke wangu,

Naomba mguu uwe umepata nafuu. Mimi chakula hakipiti.

Barua yako ilipofika jana asubuhi nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi! Nikasema, aende zake na miwani yake. Mchana Jelmer akaja chuoni kuchukua vitu vyake, akaniachia ua lake la kwenye chungu. "Mzee Wiebe, naomba unimwagilie hili. Sijui nimekosea wapi, kanda sijampa mtu." Nikalipokea. Kumtazama sikuweza.

Hakunipa kitu, Froukje. Majina yanafungiwa kabati moja, kanda kabati lingine, na kila kabati lina mtu wake, ili asiwepo wa kuunganisha namba na jina. Ila funguo za akiba anazo mtunza jengo, yaani mimi. Zote mbili. Nilifungua, nikatafuta namba yako, nikaisikiliza kanda yako. Nilitafuta mapenzi kati yenu, sikuyakuta. Nilikuta unacheka. Yule kijana amekuuliza tu, "Halafu ikawaje?" na wewe ukacheka kama zamani tukiteleza kwenye barafu. Mimi sijakuuliza hivyo hata siku moja. Bado namwonea wivu, sikufichi.

Ijumaa tarehe 15, saa tatu asubuhi, kabla kamati haijakaa, nitakuwa mlangoni kwao na funguo zote mbili mkononi. Nitawaambia ni mimi, si Jelmer. Kazi wakiichukua, waichukue. Kanda yako ibaki au ifutwe, nitawaambia wakuulize wewe, wasiniulize mimi. Na ua la watu nitakuwa nalo, nimrudishie mwenyewe.

Mumeo,
Wiebe