Vidonda vya tumbo na mama mkwe niliyemsingizia

Jumanne, mvua tangu alfajiri. Tope la mtaani kwetu Kiseke limemeza kandambili yangu ya kushoto, lakini leo sina hasira na mtu.

Ngoja nikiri. Kwa miezi minne nimewaambia mafundi wenzangu wa cherehani kule Igogo kwamba mama mkwe amenipa vidonda vya tumbo. Tangu aje kutoka Usagara, tumbo linawaka moto. Nikasema ni mawazo, na wenzangu wakaitikia, kila mmoja na mkwe wake. Jumapili nilimwambia mume wangu amrudishe mama yake kwao kabla hajaniua. Akasema atampeleka Jumamosi.

Leo nimepata majibu ya vipimo hospitalini. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, amesema nina bakteria tumboni, na nitameza dawa wiki mbili. Nikamwambia aandike na mama mkwe. Hakucheka. Aliuliza asubuhi nakula nini.

Sili.

Huwa nawahi kutoka ili nisikae naye mezani. Ikifika saa nne kichwa kinagonga, nameza diklofenaki mbili za maumivu kwa chai ya rangi, naendelea kushona sare za shule. Daktari amesema dawa hizo kwenye tumbo tupu zinachubua ukuta wa tumbo. Mawazo nayo yamo, ila mimi ndiye niliyeyaongezea njaa na vidonge.

Na kila asubuhi mama mkwe huniachia bakuli la uji wa mtama, kalifunika kwa sahani. Nimelipita miezi minne. Nilidhani ananisema kwamba sijui kupika.

Nimelia pale dirisha la dawa, sitaficha.

Niliporudi nyumbani nilimwamkia mama mkwe, akauliza wamesemaje.

"Wamesema niwe nakula asubuhi, mama."

"Si ndicho ninachosema tangu nimekuja? Au mpaka aseme mwenye koti jeupe?"

Tukacheka, tumbo likiniuma. Nikampigia mume wangu, nikamwambia safari ya Jumamosi haipo.

Kisha nikampelekea mama chai chumbani, nikaona mfuko wake wa safari umeshafungwa, uko nyuma ya mlango. Kumbe alijua kuwa anarudishwa. Alijua, na leo asubuhi uji alipika.

Nilipiga magoti, nikaufungua ule mfuko, nikarudisha kanga zake kabatini moja moja, na yeye akiniangalia.

Kesho tunakunywa uji wote wawili, mezani. Cherehani itanisubiri.