Kikohozi cha Chumba cha Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nimejitia mtegoni! Nilikwenda ukumbini kupeleka magauni matatu niliyowashonea watu wa maigizo kwa mchezo wao, nimerudi nikiwa fundi sauti. Aliyekuwepo amepata kazi mji mwingine na onyesho ni tarehe 22. Mwongozaji akanitazama, mimi bado nina pini mdomoni. Akasema mguu unaojua lini ukanyage cherehani na lini uache, hauwezi kushindwa na kompyuta. Malipo hakuna, ni kujitolea tu. Nikakubali kabla sijatoa pini.

Mume wangu ameuliza: wewe, ambaye hata redio nakuwashia mimi? Kweli kabisa. Lakini mbona nina furaha hivi.

Alhamisi, 6 Machi

Kibanda cha sauti kiko nyuma, juu ya viti vya mwisho. Kina kidirisha, kompyuta, taa ndogo na kiti kinacholia.

Mchezo wenyewe: binti anamuuguza baba yake. Baba haonekani hata mara moja, yuko chumba cha pili, tunamsikia akikohoa tu. Mara sita. Kila mara binti anaacha analofanya na kuitika, "Nakuja, baba." Kisha, karibu na mwisho, anakunja nguo, anasimama, anangoja kikohozi cha saba. Hakiji. Hapo ndipo watu wanajua. Mwongozaji anasema kimya kile ndicho mchezo mzima, mengine yote ni njia ya kufika pale.

Kosa la leo – wakati wa mapumziko nilishuka kunywa chai, nikanogewa na gumzo. Sehemu ya pili ikaanza bila mvua. Mwongozaji hakugomba. Alisema taratibu tu kwamba fundi sauti haachi kiti mpaka watazamaji watoke. Afadhali angegomba.

Jumanne, 11 Machi

Kikohozi walichonacho kwenye kompyuta si kikohozi, ni mtu anayesafisha koo kabla ya hotuba. Na mimi nyumbani ninacho halisi, cha mume wangu! Miaka thelathini ya lori na vumbi.

Mzee kwanza aligoma. Yeye si mgonjwa, asirekodiwe kama mgonjwa. Nikamkoholea mara moja, naye akachokozeka akatoa kimoja, nikakinasa kwa simu. Kusikia tu, akadai turudie. Mara kumi na nne! Hiki chembamba, futa. Hiki kimekatika. Akataka na karatasi ya mchezo aone kikohozi kinaingia wapi, nikamtolea miwani mkobani – inakaa kwangu tangu alipoikalia ile ya kwanza – maana bila miwani hasomi hata jina lake. Ukurasa wa mwisho nimemnyima. Aje aone mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Mazoezi yameniumbua. Binti wa mchezo, ambaye kazini ni mwalimu wa hesabu, alikuwa anamwimbia baba kupitia ukuta. Nikatazama. Nikalia. Nikasahau kubonyeza. Mwalimu amesimama na jagi mkononi, anangoja, anangoja...

Mwongozaji amekuja juu. Ijumaa, mazoezi ya mwisho, nikikosa tena, mwenye ukumbi ana fundi wake. Usitazame mchezo, tazama karatasi.

Sasa nimefanya ninavyojua. Nimeshona nyuzi kwenye kurasa zangu. Nyekundu, jiandae. Kijani, bonyeza. Kwenye ukurasa wa kimya nimeshona nyeusi: usiguse kitu. Kwa kuwa hakuna anayesoma hapa, niseme wazi: nakitaka kile kiti. Sijataka kitu hivi tangu cherehani yangu ya kwanza.

Ijumaa, 21 Machi

Sijakosa hata kimoja. Kwenye kile kimya nilikalia mikono yangu. Mwongozaji kasema kiti ni changu.

Mzee anapiga pasi shati mwenyewe.

Jumamosi, 22 Machi

Naandikia kibandani. Mapumziko, dakika kumi na tano.

Ukumbi umejaa. Mzee yuko safu ya tatu, shati jeupe. Miwani kanikabidhi, vya mbali anaviona bila hiyo. Kikohozi cha kwanza kilipotoka alimgeukia jirani yake, ahakikishe amesikia. Cha pili hivyo hivyo. Mpaka cha tano nilikuwa nacheka peke yangu.

Cha sita, kompyuta ikaganda. Uzi wa kijani, nabonyeza – hakuna. Nabonyeza tena – hakuna. Mwalimu amesimama na jagi. Roho mkononi. Mara, kutoka safu ya tatu, kikohozi. Kile kile, kinene, mwisho wake kinakwaruza. Mwalimu hakupepesa jicho: "Nakuja, baba." Hakuna aliyegundua! Mwongozaji kapanda mbio kuniuliza ile spika ya katikati nimeifunga lini.

Nimempenda yule mzee upya, jamani. Kompyuta imeamka, mvua iko tayari. Nilikuwa nimeshafungua chupa ya maji ninywe, ndipo nikaona uzi mweusi.

Cha saba. Mzee hajui mwisho. Ataona binti anangoja, ukumbi kimya, atajua nimekwama tena. Na mume wangu hawezi kuniona nimekwama akanyamaza, hajawahi. Atakohoa. Baba wa watu atafufuka na mchezo utakwisha kwa kicheko.

Kutoka siwezi, muziki wa mapumziko uko mikononi mwangu, na nimeshaambiwa fundi sauti haachi kiti. Nimeandika karatasi: USIKOHOE TENA HATA KIDOGO, KIMYA NI CHA MCHEZO. Nimempa mkata tiketi ampelekee.

Anateremka. Amefika. Mzee ameifungua. Ameisogeza mbali. Ameisogeza karibu. Amemshukuru mkata tiketi kwa heshima zote, ameikunja vizuri, ameitia mfuko wa shati. Sasa amegeuka huku juu, ananipungia, kifua mbele.

Kengele. Mkata tiketi ameshakwenda kufunga milango. Taa zinashuka na mvua yangu inaanza. Mzee anakaa sawa kitini, na miwani yake iko hapa miguuni pangu, ndani ya mkoba.