Arshak Yupi

Nisa, mwezi wa Tir, mwaka 271

Mwanangu Frabakht,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila goti langu ndilo linalonisumbua, na hilo umelizoea. Wewe je, unakula? Najua ukiwa na wasiwasi unashindia komamanga tu.

Nimesikia wakuu wamekuchagua ukalie kiti cha ufalme cha marehemu baba yako. Wengine wangepiga vigelegele. Mimi nimeogopa. Ndugu yako Spandatak naye anakitaka. Mama yake, mke mwenzangu, alipofariki akimwacha wa siku nne, nilimchukua nikamnyonyesha pamoja na wewe. Mlifanana mpaka yaya akawafunga nyuzi za rangi mikononi asiwachanganye. Sasa yuko njiani kuja kwako na wapanda farasi elfu tatu. Usipigane naye, baba. Na usimwamini pia! Nifanyeje mimi, na nyote ni wangu?

Ukishatawazwa utaitwa Arshak kama baba yako na babu zako wote, na jina nililokupa halitatamkwa tena na mtu yeyote. Ndiyo sheria, najua. Lakini barua unazoniandikia mimi, utie jina lako hilo.

Mama yako,
Denak


Tizfon, mwezi wa Mihr

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, na ninakula, usihangaike. Goti lipake mafuta ya ufuta.

Spandatak amefika. Alinikumbatia mbele ya watu wote akaniambia, "We kaka, umenenepa!" Nikamwambia bora unene kuliko kipara. Tulicheka mpaka wakuu wakatazamana. Labda roho yako iko juu bure, mama.

Jambo moja tu limenisisimua mwili. Mtumishi mzee wa chumba cha mfalme, yule aliyemfumba baba macho, aliniinamia akasema, "Karibu tena, bwana." Nikamwambia sijawahi kukanyaga chumba hiki maishani mwangu. Akatabasamu. "Kila mara husema hivyo," akajibu, akaendelea kutandika kitanda.

Kesho wananivika taji. Mwandishi anaogopa kulitia jina ulilonipa, lakini nimemlazimisha aandike.

Mwanao,
Frabakht


Nisa, mwezi wa Adur

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Miezi miwili kimya! Nimetuma watu watatu, hakuna aliyerudi na neno. Hata kama umekuwa mfalme, kwani mfalme hana mama? Niandikie mstari mmoja tu. Silali.

Mama yako,
Denak


Tizfon, mwezi wa Vahman

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya wangu. Goti linaendeleaje?

Tulikwenda kuwinda, ndugu yangu akaanguka farasi, hakuamka. Mwili wake umepelekwa mlimani kama ilivyo desturi. Usimlilie sana, unajua dini inakataza.

Sasa nakuhitaji. Siku hizi napokea watu nikiwa nyuma ya pazia, na wakuu wameanza kunong'ona kwamba ndugu aliyekufa siye yule waliyeambiwa. Njoo usimame mbele yao, useme mimi ni mwanao. Usipokuja kutakuwa na vita, nami sitapona.

Mwanao,
Arshak


Nisa, mwezi huo huo

Wewe uliyeniandikia,

Salamu. Ni ndugu gani aliyeanguka? Hukumtaja. Na jina lako pia hukulitia. Usinifanye mjinga! Mwandiko ni wa mwandishi yule yule, utanisaidia nini? Liandike jina lako mwenyewe, kwa mkono wako, mara moja tu, nami barua nitaizika ardhini asiione mtu. Tena uniambie, nilikunong'oneza nini langoni ulipoondoka Nisa?

Niambie kama mwanangu yu hai. Sitaki kingine.

Denak


Tizfon, mwezi wa Spandarmad

Mama mpenzi,

Shikamoo. Langoni ulisema, "Rudi na masikio yako yote mawili," maana aliyekatwa sikio hawezi kutawala. Lakini ulituambia hivyo sote wawili kila tulipoondoka, kwa hiyo haisaidii kitu.

Jina nimejaribu. Nilichukua kalamu mwenyewe nikaandika Arshak. Nikafuta, nikaandika tena. Arshak. Mama, nakumbuka kuanguka kutoka kwenye farasi. Nakumbuka pia kusimama pale nikimtazama akianguka. Nimemuuliza mtumishi mzee, akasema nisijali, wote huanza hivyo, halafu hupita.

Sitaki ipite. Naogopa. Ulitulea wewe, hakuna mwingine wa kumuuliza. Mimi ni yupi?

Mwanao,
Arshak


Nisa, siku nne kabla ya mwaka mpya

Mwanangu,

Salamu. Goti usiliulizie. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimelia.

Nakuja. Farasi wameshatandikwa. Nina ombi moja, nalo ulishike: usifungue pazia. Nikikuona uso nitajua, nami nimegundua kwamba sitaki kujua. Usiku na mchana nimejiuliza ningependa afe yupi, na mama hapaswi kujiuliza hivyo.

Wakuu wakiniuliza, nitaapa mbele ya moto kwamba aliye nyuma ya pazia ni mwanangu, na sitakuwa nimesema uongo. Kisha nitatoka, nitaketi chini mlangoni pako nimlilie mwanangu aliyekufa, wakatae wasikatae. Na hapo pia sitakuwa nimesema uongo.

Mama yenu,
Denak